Sura ya Saba: Kama Ni Kucheza Tu, Kanuni Zote Hizi za Nini?

Swali hili huulizwa kila mwanzo wa msimu, na wanaouliza ni wazazi wenye akili timamu. Mtoto ana miaka saba. Ameandikishwa kwenye ligi ya lakrosi ya mtaani, ile ya kujifurahisha, isiyo na mchujo wala safari za mbali. Ada imelipwa, helmeti imenunuliwa, fimbo yenye wavu iko nyuma ya mlango. Kisha inaletwa karatasi ya kanuni: hakuna kukumbana, hakuna kipa, piga pasi kabla ya kurusha golini, mkiongoza kwa mabao sita mpira wanapewa wenzenu. Mzazi anaisoma mpaka mwisho, halafu anamsogelea kocha pembeni. "Mwalimu, si watoto wanacheza tu? Kwa nini msiwaachie?"

Wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani hukutana na swali hili mapema, hasa wanaoishi Maryland, jimbo ambalo tangu 2004 linautambua mchezo huu kisheria kuwa mchezo wake wa timu. Huku kwetu nako umeanza kubisha hodi. Uganda ilipeleka timu ya wanaume kwenye mashindano ya dunia ya Denver mwaka 2014, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Kenya ina timu za wasichana na za wavulana. Mwaka 2028 lakrosi inarudi kwenye Olimpiki, Los Angeles, na watoto watakaoiona kwenye televisheni watataka fimbo. Ni vyema tuwe na jibu kabla hawajazipata.

Jibu langu ni hili: kanuni ya ligi ya watoto hupimwa kwa mtoto dhaifu kuliko wote uwanjani. Mtoto hodari atacheza hata pasipo kanuni. Atauchukua mpira, atakimbia nao, atafunga. Anayehitaji kanuni ni yule anayesubiri. Ukiisoma karatasi ile kwa jicho hilo, karibu kila mstari unajieleza wenyewe, na ile michache isiyojieleza huenda inastahili kufutwa.

Mchezo wenyewe, kwa haraka

Lakrosi huchezwa kwa fimbo ambayo kichwani ina wavu. Kwa wavu huo mchezaji huchota mpira ulio chini, huudaka ulio hewani, hukimbia nao, hupiga pasi na kurusha golini. Mpira ni wa raba ngumu, mdogo kidogo kuliko wa tenisi lakini mzito zaidi ya mara mbili: gramu kati ya 142 na 149. Goli ni mraba wa mita 1.83 kila upande, nalo halikai mwisho wa uwanja kama la soka. Limewekwa ndani kidogo, na wachezaji hupita hata nyuma yake. Kulizunguka kuna duara ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga. Katika mchezo wa wanaume kila timu ina watu 10: kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu, kwenye uwanja wa urefu wa kama mita 100 na upana wa mita 55.

Wenye mchezo huu ni mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini. Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa sita ambao nchi yao ya jadi iko jimbo la New York na kuvuka mpaka wa Kanada, huuhesabu kuwa zawadi kutoka kwa Muumba, na mpaka leo huucheza pia kwa kumwombea mgonjwa uponyaji. Zamani vijiji viliweza kukutana na mamia ya wachezaji kwenye eneo lisilo na mipaka ya chokaa. Kabla ya mechi pande mbili zilikaa na kukubaliana: magoli yawe umbali gani, watu wawe wangapi. Hesabu tunazozijua sasa zilianza kuandikwa na daktari wa meno wa Montreal, George Beers, ambaye kanuni zake zilikubaliwa kwa nchi nzima ya Kanada mwaka 1867. Yeye aliweka watu 12 kila upande, akauondoa mpira wa ngozi na kuleta wa raba.

Nayasema haya kwa sababu wapo makocha wanaoamini kwamba kanuni za watu wazima ndizo lakrosi halisi, na za watoto ni makombo. Historia yao haiwaungi mkono. Kukubaliana kabla ya mechi kulingana na watu waliopo na uwanja uliopo ni jambo la zamani kuliko kitabu chochote cha kanuni. Hata mchezo utakaochezwa Olimpiki 2028 ni wa watu sita kila upande, kwenye uwanja wa mita 70 kwa 36.

Nani acheze na nani

USA Lacrosse, shirika linalosimamia mchezo huu Marekani, huwagawa watoto kwa umri: chini ya miaka 6, chini ya 8, chini ya 10, chini ya 12 na chini ya 14. Umri huhesabiwa kufikia tarehe 31 Agosti kabla ya msimu. Ligi nyingi za mitaa hufuata mgawanyo huo, na zinafanya vyema, maana hata ndani ya kundi moja mtoto anaweza kumzidi mwenzake karibu miaka miwili. Ukiongeza mwanya huo kwa mwaka mmoja tu, unakuwa na kijana aliyeanza kubalehe anayemkimbilia mtoto ambaye bado ana meno ya utotoni.

Ombi linalokuja kila mara ni la kumpandisha mtoto: "Wangu ni mkubwa wa mwili, acheze na wa juu." Linaweza kukubaliwa, kwa kuangalia mtoto kwa mtoto. Ombi la kumshusha, ili timu ipate mfungaji, likataliwe bila mjadala, hata likiletwa na kocha mwenyewe.

Uwanja mdogo, watoto wachache

Hapa ndipo ligi ya watoto inapotengenezwa au kuharibiwa.

Watazame watoto wa miaka saba wakigombea mpira wa chini. Anayejua kufanya hivyo huweka mguu kando ya mpira, huinama magotini, hushusha mikono yote miwili mpaka kichwa cha fimbo kiguse nyasi, kisha huchota huku akiendelea kukimbia. Asiyejua husimama wima na kuubandika wavu juu ya mpira kama anayeziba panya. Mpira unateleza. Anaugonga tena, unateleza tena, na wakati huo wenzake wote wamefika. Sasa kuna fimbo nane juu ya mpira mmoja. Atakayeupata mwishoni ni yule aliyekuwa anajua tangu mwanzo, na yule wa kwanza, aliyekuwa na mpira miguuni pake, ameondoka bila kujifunza chochote.

Kuinama, kuchota, kukimbia: hiyo ndiyo alfabeti ya lakrosi, na hujifunzwa kwa kurudia tu. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya mwandishi wa kanuni iwe hii: katika mchezo mmoja, mtoto wa kawaida atagusa mpira mara ngapi? Ukiwaweka watoto 20 kwenye uwanja wa wakubwa, kuna mpira mmoja na watazamaji 19. Wale watatu wanaojua kukimbia nao watamaliza mchezo wao, na beki wa kushoto atachuma majani.

Ndiyo sababu watoto wa chini ya miaka 8 huchezeshwa wanne kwa wanne, na wa chini ya 10 saba kwa saba. Uwanja mkubwa hukatwa kwa upana, mistari ikichorwa kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani yake zinatoka mechi mbili au tatu zinazokwenda kwa wakati mmoja. Watoto ni walewale na saa ni ileile, ila sasa kila mpira una watoto wanane. Hakuna pa kujificha, na mtoto mwoga anashangaa kuona mpira umemjia.

Wa chini ya miaka 8 pia hawana kipa, na hili ndilo wazazi huliona la ajabu zaidi. Soka bila kipa utaita mchezo? Lakini fikiria anayewekwa golini katika umri huo. Mara nyingi ni yule asiyejua kukimbia, mnene wa timu, au mgeni aliyeandikishwa wiki iliyopita. Anavalishwa pedi zisizomtosha, anasimama peke yake dakika nyingi, kisha anarushiwa raba ngumu. Akifungwa, wote wamemwona. Wengi wa watoto hao hawarudi msimu unaofuata, na sioni cha kuwalaumu. Anayetaka ukipa kwa moyo wake ataufikia akiwa na miaka tisa, mikono yake ikiwa imejua kudaka. Kwa sasa tumia goli dogo: mshambuliaji atalazimika kulenga, na hakuna mtoto wa kutolewa kafara.

> Kwa ufupi: Watoto wachache kwenye eneo dogo humpa kila mmoja mpira mara nyingi zaidi. Ukiweza kubadili kanuni moja tu ya ligi yenu, badili hii.

Kanuni zinazogawa mpira

Uwanja mdogo husaidia, lakini haumalizi kazi. Kila kundi lina mtoto mmoja anayeweza kuuchukua mpira kwao na kuupeleka goli la wenzake bila kumwona mtu. Dawa ya kawaida ni kanuni ya pasi: katika nusu ya kushambulia lazima pasi ipigwe kabla ya kurusha golini. Ligi nyingine hudai mbili.

Mimi ni wa pasi moja, na maneno ninayoyapenda ni "pasi iliyojaribiwa". Ukiandika kwamba lazima pasi ikamilike, kwa maana ya kudakwa, mtoto hodari atajifunza upesi kumpa hodari mwenzake, maana wengine hawadaki. Ukisema inatosha kujaribu, kocha anaweza kumwambia ampe yule aliye peke yake kushoto, hata kama utamponyoka, na timu haitaadhibiwa kwa kumwamini mwenzao. Refa apaze sauti pasi inapopigwa, ili watoto wasihesabu wenyewe. Kwa wa chini ya miaka 12 kanuni hii iondolewe. Kufikia hapo imeshafanya kazi yake, na ikiendelea inawafundisha kupiga pasi za kumridhisha refa.

Ya pili ni muda wa kucheza. Katika lakrosi ya wakubwa wachezaji huingia na kutoka huku mchezo ukiendelea, bila kumngoja refa. Kwa watoto utaratibu huo humwacha kocha na mwanya wa kuwasahau wengine benchini, na kocha mzuri pia husahau mechi ikiwa ngumu. Njia rahisi ni king'ora: kila baada ya dakika chache kinalia, mchezo unasimama, wote waliokuwa nje wanaingia. Kocha hana la kuamua, na mzazi hana la kulalamikia.

Ya tatu inahitaji maelezo, kwa sababu mtu wa soka haoni haraka kwa nini ipo. Katika soka ukifungwa, wewe ndiye unayeanza mpira. Katika lakrosi haiko hivyo. Baada ya kila bao wachezaji wawili, mmoja wa kila timu, huchuchumaa katikati ya uwanja, mpira ukiwa chini kati ya fimbo zao. Filimbi ikilia, kila mmoja anautafuta kwa upande wake. Ni ufundi wa pekee, wa kiganja na wa kushtukia. Mtoto mmoja aliyefundishwa na kaka yake nyuma ya nyumba anaweza kuushinda mpira huo kila mara. Timu yake inafunga, anaushinda tena, inafunga tena. Wenzao wanaweza kumaliza robo nzima ya mchezo wakikimbilia golini kwao tu, na fimbo zao hazijaguswa na mpira.

Hivyo kanuni za vijana zinasema: timu moja ikiongoza kwa mabao sita, hakuna kugombea katikati, mpira unapewa timu iliyo nyuma. Kocha wa timu hiyo anaruhusiwa kuikataa nafuu hiyo akitaka, na wengine huikataa kwa sababu wanataka mtoto wao ajifunze kugombea. Nawaheshimu, ingawa ningependa wawaulize watoto kwanza. Kanuni haigusi ubao wa matokeo, haifuti bao la mtu wala haimkatazi aliye mbele kufunga la saba. Inarudisha mpira tu kwa wale ambao nao walivaa jezi asubuhi ile wakitegemea kucheza.

Fimbo, bega na mpaka wake

Kwenye lakrosi ya wanaume inaruhusiwa kumkumba mpinzani kwa mwili na kuigonga fimbo yake ili mpira udondoke. Kwa watoto wa kiume ruhusa hiyo hutolewa kidogokidogo kadiri wanavyokua:

- Chini ya miaka 10 kwenda chini: hakuna kumkumba mtu. Fimbo zote ni fupi, kati ya sentimita 94 na 107 hivi.
- Chini ya miaka 12: bado hakuna kukumbana. Mtoto anaweza kusimama njiani, kutumia mwili wake kulinda nafasi, na kumsogeza kwa mikono iliyofumbata fimbo yule anayegombea naye mpira. Mabeki wanaanza kuruhusiwa fimbo ndefu, sentimita 132 hadi 183.
- Chini ya miaka 14: kukumbana kunaanza, kwa masharti. Kuwe kutoka mbele au ubavuni, chini ya shingo na juu ya kiuno, na dhidi ya mtu aliye na mpira au aliye ndani ya hatua tatu kutoka kwenye mpira.

Katika makundi yote ya vijana kuna jambo moja lisilovumiliwa: kumvamia mtu ambaye hakuoni, au kumgonga kwa nia ya kumwangusha badala ya kuufuata mpira. Wapo baba wanaolishangilia pigo la namna hiyo. Pigo hilo ndilo linalompeleka mtoto hospitali, kwa sababu aliyepigwa hakukaza shingo wala kunyanyua mikono.

Kuhusu fimbo, neno la kuwafundisha ni "kufyeka". Kuigonga fimbo ya mwenzako karibu na mikono yake, kwa kipimo, ni halali kwa wavulana. Kuizungusha kwa nguvu kama mwenye panga shambani ni kufyeka, na ni faulo kubwa hata usipomgusa mtu. Kwa wadogo ligi nyingi huhesabu pigo lolote la mkono mmoja kuwa kufyeka, nami naona ni sahihi: mtoto wa miaka tisa aliyeishika fimbo kwa mkono mmoja hajui itakapotua.

Adhabu nazo hupunguzwa. Mkubwa akicheza vibaya hutoka, na timu yake hubaki pungufu kwa nusu dakika, au dakika moja mpaka tatu kwa kosa zito. Kwa wadogo, ligi nyingi humtoa aliyekosa, mwingine akaingia, kocha akazungumza naye. Kuwaacha watatu wapambane na wanne katika umri huo ni kuwaadhibu wasiohusika.

Kwa nini wasichana wana kitabu chao

Lakrosi ya wasichana ilikua kivyake. Mechi za kwanza za wanawake za aina ya leo zilichezwa mwaka 1890 katika shule ya wasichana ya St Leonards, St Andrews, Uskochi, na tangu mwanzo hazikuwa za kukumbana. Ndiyo maana wasichana, isipokuwa kipa, hawavai helmeti ngumu. Huvaa miwani ya kinga, ambayo Marekani ni ya lazima tangu 2005, pamoja na kinga ya meno. Wazazi wenye binti na mwana kwenye ligi moja huona kama binti ameachwa wazi. Kinga yake imo ndani ya kanuni zenyewe, na refa akizilegeza, hana kingine.

Iliyo muhimu kuliko zote ni ya kuachia njia ya kurusha. Msichana aliye na mpira anapokabili goli kwa karibu, beki haruhusiwi kusimama kati yake na goli akiwa mbali naye. Ama amkaribie mpaka umbali wa fimbo na kumkaba kweli, ama aondoke kwenye mstari huo. Beki mgeni hujiona shujaa akijitolea mwili wake kuzuia, halafu anasikia filimbi na kushangaa. Makocha, waelezeni mapema na kwa upole kwamba filimbi ile imelia kwa ajili ya uso wake yeye.

Wasichana wa chini ya miaka 8 na 10 hawaruhusiwi kabisa kuigonga fimbo ya mwenzao. Hapo huzuka tatizo jingine: mwenye mpira hanyang'anyiki. Jibu lake ni sekunde tatu. Akikabwa vizuri na mtu aliye mahali ambapo angeweza kuigonga fimbo kama ingeruhusiwa, hana haki ya kuushikilia mpira zaidi ya sekunde hizo. Beki anajifunza kutumia miguu, mwenye mpira anajifunza kutazama wenzake, na hakuna fimbo iliyopita karibu na kichwa cha mtu. Kanuni hii haizungumzwi sana, nami naihesabu miongoni mwa zilizofikiriwa vizuri kuliko zote.

Kifua na kichwa

Sehemu hii naomba isomwe na kila mzazi, hata asiyejali mabao.

Mpira au fimbo ikimpiga mtoto kifuani, mahali moyo ulipo, kwa bahati mbaya ya sehemu ndogo ya sekunde kati ya pigo moja la moyo na jingine, moyo unaweza kuacha kudunda kwa mpangilio na kubaki unatetemeka tu. Damu haisukumwi tena. Mtoto mzima, asiye na ugonjwa wowote, anaanguka. Madaktari wana jina lake, nasi tuite mtikisiko wa moyo. Hutokea mara chache sana, lakini hutokea, na hutokea zaidi kwa watoto na vijana kwa sababu kifua chao ni laini. Kinachookoa ni kukandamiza kifua mara moja na mashine ndogo ya kuushtua moyo, na kila dakika inayopita hupunguza nafasi ya kupona.

Kwa sababu hiyo Marekani imeweka kiwango maalumu cha pedi za kifua kinacholenga hatari hii. Tangu mwanzo wa 2021 ni lazima kwa makipa, na tangu mwanzo wa 2022 kwa wavulana wote, ambao kinga hiyo imo kwenye pedi za mabega. Alama ya kiwango hicho, NOCSAE yenye namba ND200, huandikwa kwenye pedi yenyewe. Sasa sikilizeni, ndugu zangu mnaopokea vifaa vya mtumba kutoka ng'ambo: pedi za kabla ya hapo zinaonekana nzuri, ni nyepesi, na zina majina makubwa ya kampuni, lakini hazikutengenezwa kwa kiwango hicho. Tafuteni alama. Msipoiona, msimvalishe mtoto mkadhani moyo wake umekingwa.

Kichwa kina kanuni fupi. Mtoto akigongwa na kuonekana amechanganyikiwa, anaumwa kichwa, anataka kutapika au hakumbuki matokeo ya mchezo, anatoka, na siku hiyo harudi. Atarudi siku nyingine akiwa na barua ya daktari. Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza kuliweka hili katika sheria kwa ajili ya wanamichezo vijana, mwaka 2009, baada ya Zackery Lystedt, aliyekuwa na miaka 13, kurudishwa uwanjani kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani mwaka 2006 akiwa ameshaumia kichwa. Akapata ulemavu mkubwa. Majimbo yote ya nchi hiyo yalifuata. Ligi yenu isingoje bunge.

> Kwa ufupi: Alama kwenye pedi iangaliwe kabla ya msimu. Mashine ya kushtua moyo, ikipatikana, ikae uwanjani na siyo ofisini. Aliyegongwa kichwa hachezi tena siku hiyo, hata akilia kuomba.

Watu wazima pembeni

Refa wa mechi za watoto mara nyingi ni kijana wa sekondari anayejifunza kazi. Ana filimbi, kitambaa cha njano cha kuonyesha faulo, na baba wa watu anayemfokea kutoka umbali wa hatua tano. Akifokewa hivyo Jumamosi kadhaa, anaacha, na ligi isiyo na marefa haina mechi. Kwa hiyo wazazi hukaa upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi. Kocha mkuu pekee ndiye anayesema na refa. Na kila timu mwenyeji hutoa mtu mzima mmoja, anayejulikana kwa wote, ambaye kazi yake ni kumwendea mzazi aliyepandisha sauti na kumshusha kabla refa hajalazimika. Mchagueni mtu ambaye wengine humwamkia kwanza. Mbele yake hata mkali hupunguza sauti.

Karatasi moja ya kuanzia

Mnaoanzisha ligi yenu Kampala, Nairobi au kwingine, msianze kwa kutafsiri kitabu kizima. Andikeni ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo wazazi wa hapo wanaisoma, na kila mzazi aupate kabla ya kutoa ada. Mimi ningeyaweka haya:

1. Makundi ya umri, na tarehe ya kuhesabia.
2. Watoto wangapi kila upande, na ukubwa wa uwanja kwa kila kundi.
3. Vifaa ambavyo mtoto asipovivaa haingii.
4. Kinachokatazwa kwa mwili na kwa fimbo, kikundi kwa kikundi.
5. Muda wa kucheza: kila mtoto, kila mechi.
6. Nani anasema na refa.
7. Jina la mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo.

La saba ndilo linalosahaulika, na kwa wenzetu wanaoishi kuzunguka Ziwa Viktoria ni la lazima, maana eneo hilo ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kanuni inayotumika viwanjani Marekani ni kwamba ngurumo ikisikika au umeme ukionekana, mchezo unasimama, na hauanzi tena mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Ikisikika, hesabu inaanza upya. Fimbo nyingi za siku hizi mti wake ni wa alumini, hivyo zinaachwa chini palepale, na watoto wanaingia ndani ya jengo au gari, kamwe siyo chini ya mwembe. Mwenye jina kwenye karatasi asiwe kocha wa timu yoyote kati ya zinazocheza, kwa sababu kocha anayeongoza kwa bao moja, zikiwa zimebaki dakika mbili, husikia ngurumo ikiwa mbali kuliko ilivyo.